Nani Aliipandisha, Nani Akaishusha? Kweli na Uongo Kuhusu Bendera Zetu

Miaka michache iliyopita nilikuwa nimekaa barazani Darajani, mjini Zanzibar, nikinywa kahawa na wazee wawili. Ng'ambo ya njia fundi cherehani alitoa kitambaa chekundu kitupu, kiasi cha mita tatu, akakitundika kwenye kamba ya ghorofani kikauke. Upepo wa alasiri ukakishika. Mzee wa kwanza alikitazama, uso ukamchangamka, akasema kwa sauti ya chini kwamba ile ndiyo bendera ya Mfalme hasa. Mzee wa pili akaweka kikombe chini, kahawa ikiwa nusu, akaaga, akaondoka.

Kitambaa kile hakikuwa na nembo wala nyota. Fundi alikuwa akishona mapazia. Lakini kwa muda wa pumzi mbili kilikuwa bendera, na kikawagawa watu wawili waliokaa baraza moja kwa miaka mingi.

Wengi wetu tulifundishwa kwamba kila bendera ina maana moja. Tulisimama mstarini asubuhi, mwanafunzi wa zamu akavuta kamba, nasi tukakariri: kijani ni mimea, manjano ni madini, nyeusi ni watu, bluu ni maji. Majibu hayo si ya uongo, ila ni mafupi mno. Hayasemi nani aliipandisha bendera, juu ya jengo la nani, na nani alilia ilipopanda au iliposhuka. Katika ufupi huo ndimo uvumi mwingi ulimoota. Nimekusanya hapa kauli ninazozisikia mara kwa mara kuhusu bendera za pwani yetu na za jirani zetu, tuzipime moja moja.

1. "Bendera nyekundu isiyo na alama ilikuwa ya Zanzibar peke yake."

Si kweli. Ilikuwa bendera ya ukoo unaotawala, al-Busaidi, kabla ya kuwa bendera ya kisiwa chochote. Seyyid Said bin Sultan alikuja nayo kutoka Maskati alipohamishia makao yake Unguja. Alipofariki mwaka 1856 wanawe waligombea urithi, na mwaka 1861 Waingereza wakaamua kwamba Zanzibar na Maskati ziwe dola mbili. Dola zikagawanyika, bendera haikugawanyika. Kwa zaidi ya miaka mia moja baadaye, jahazi lililoondoka Maskati kwa msimu wa kaskazi na bandari liliyofikia Unguja vilipeperusha rangi ileile.

Oman yenyewe iliacha bendera nyekundu tupu mwaka 1970, Sultani Qaboos alipoleta nyeupe na kijani, akaongeza nembo ya jambia na panga mbili. Wakati huo Zanzibar ilikuwa na miaka sita bila sultani. Kwa hiyo anayeitazama bendera ile kama alama ya uzanzibari, na anayeitazama kama alama ya utawala uliotoka ng'ambo, kila mmoja ana kipande cha historia mkononi.

2. "Watu wa Pangani walipoinuka mwaka 1888, walikuwa wakimpigania Sultani na bendera yake."

Nusu kweli, na nusu iliyobaki ndiyo yenye uzito. Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said aliwakodisha Wajerumani wa Kampuni ya Afrika Mashariki ukanda wa pwani unaotazamana na visiwa. Mkataba ulisema kampuni itaendesha shughuli kwa jina la Sultani na chini ya bendera yake. Agosti ilipofika, maofisa wa kampuni walifika mijini na bendera yao wenyewe, nyeupe yenye msalaba mweusi na nyota pembeni, wakataka nayo ipande.

Pangani ofisa alikuwa Emil von Zelewski, ambaye watu wa pwani walimpachika jina la Nyundo. Liwali wa mji alikataa kumtii bila amri kutoka kwa Sultani. Wanamaji wa Kijerumani wakateremshwa kutoka kwenye manowari, na mlingoti wa bendera ya Sultani ukakatwa. Hebu tuupige picha mlingoti huo. Ni mti uliosimama mbele ya nyumba ya liwali, ambao mvuvi arudipo na ngalawa huuona kabla hajaona nyumba. Siku moja haupo. Hata asiyejua kusoma mkataba alijua kilichotokea.

Mwezi uliofuata pwani nzima, kuanzia Tanga hadi Kilwa, ilikuwa imewaka. Aliyeongoza Pangani ni Abushiri bin Salim al-Harthi, na hapa ndipo kauli yetu inapoteleza. Ukoo wa al-Harthi ulikuwa na ugomvi wa muda mrefu na al-Busaidi, na Abushiri hakuwa kipenzi cha ikulu ya Unguja. Pamoja naye walisimama wenye mashamba ya miwa, Waswahili wa mjini, wapagazi kutoka bara na hata watumwa. Wengi wao walimkasirikia Sultani huyohuyo kwa kuwakodisha kama mtu anavyokodisha shamba. Walikasirika mlingoti ulipokatwa, lakini mwenye bendera hawakumsamehe.

Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Mwaka uliofuata Wajerumani walikubaliana kumlipa Sultani marki milioni nne, na ukanda ule ukawa wao moja kwa moja. Nyundo naye aliuawa mwaka 1891 huko Lugalo, mikononi mwa Wahehe wa Mkwawa. Tunapolisimulia tukio la Pangani kama hadithi ya raia watiifu na mfalme wao, tunawanyang'anya watu wale jambo kubwa walilolifanya: waliitetea heshima ya mji wao hata pale mfalme alipokuwa ameshaiuza.

3. "Vita vya dakika 38 vya mwaka 1896 viliiondoa bendera ya Sultani, ikaja ya Mwingereza."

Si kweli. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti 1896. Khalid bin Barghash akaingia ikulu bila idhini ya Waingereza, ambao tangu 1890 walikuwa wameifanya Zanzibar himaya yao. Walimpa muda hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27: ashushe bendera yake na atoke ikuluni. Sharti la kwanza lilikuwa bendera, kwa sababu kwa kuipandisha ndiko Khalid alikotangaza kwamba yeye ndiye sultani.

Hakuishusha. Manowari zikapiga ikulu, na ndani ya muda unaokaribia dakika arobaini watu wapatao mia tano wa upande wake walikuwa wameuawa au kujeruhiwa. Mizinga ilinyamaza bendera ya ikulu ilipoangushwa. Khalid alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani.

Siku hiyohiyo Hamoud bin Muhammed akatangazwa sultani, na juu yake ikapanda bendera nyekundu ileile iliyokuwa imepigwa risasi asubuhi. Waingereza hawakuhitaji kuiondoa rangi. Walichohitaji ni kuwa wao ndio waamuzi wa nani asimame chini yake. Kwa miaka 67 iliyofuata bendera nyekundu ilipepea Unguja huku amri zikitoka kwingine, na mtoto aliyezaliwa kipindi hicho angeweza kuishi hadi uzeeni akiamini kwamba mambo hayajabadilika.

4. "Enzi za Mjerumani, bendera ya huku ilikuwa na kichwa cha simba."

Si kweli. Picha yake imeenea mno mitandaoni: mistari ya nyeusi, nyeupe na nyekundu, na katikati ngao yenye simba. Watu huichapisha kwenye fulana na kwenye mabango ya maonyesho ya kihistoria. Ukweli ni kwamba ilikuwa pendekezo tu. Mwaka 1914 Wilhelm Solf, waziri wa makoloni wa Ujerumani, alipanga kila koloni lipewe nembo yake. Vita Kuu vikaanza mwaka huohuo na mpango ukafia mezani. Hakuna askari wa Bagamoyo, Tabora wala Iringa aliyewahi kuisalimia bendera hiyo. Walizoziona ni bendera za dola ya Ujerumani, ambazo hazikuwa na alama yoyote ya nchi hii.

Mnyama aliyepepea kweli juu ya Tanganyika ni twiga. Waingereza walipokabidhiwa nchi baada ya vita, kwanza chini ya Shirikisho la Mataifa na baadaye Umoja wa Mataifa, walitumia bendera yao nyekundu iliyokuwa na kichwa cha twiga. Ajabu ni kwamba bendera ambayo haikupanda hata siku moja inajulikana leo kuliko ile iliyopepea kwa takriban miaka arobaini. Picha nzuri ikikosa tarehe huwa hatari.

5. "Bendera ya Sultani Mombasa ilikuwa pambo tu, Pwani ilikuwa Kenya tangu mwanzo."

Nusu kweli. Kauli hii inahitaji subira, maana ni jeraha ambalo halijakauka.

Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kwamba eneo la Sultani barani ni ukanda wa maili kumi kutoka baharini. Mwaka 1895 serikali ya Uingereza ilichukua usimamizi wa sehemu ambayo sasa ni ya Kenya, ikaahidi kumlipa Sultani pauni 11,000 kwa mwaka. Nchi ilibaki yake, utawala ukawa wa Mwingereza. Mwaka 1920 bara likawa koloni, lakini ukanda wa pwani ukabaki himaya, na ndiyo sababu jina kamili likawa Koloni na Himaya ya Kenya. Bendera nyekundu iliendelea kupepea juu ya ngome ya Fort Jesus kuonyesha tofauti hiyo.

Anayesema ilikuwa pambo ana hoja. Kodi, polisi, mahakama kuu na reli vyote viliendeshwa na Waingereza, na mkulima wa Kigiryama aliyepoteza ardhi yake hakuona faida yoyote ya kitambaa kile. Lakini kisheria haikuwa pambo hata kidogo. Uhuru ulipokaribia, lilizuka swali ambalo bendera ile ilikuwa imelibeba kwa miaka 68: Pwani ni ya nani? Wapo waliodai Mwambao ujitawale, wapo waliotaka urudi kwa Sultani, na wapo, wengi wao Wamijikenda na wafanyakazi kutoka bara, walioona madai hayo ni njia ya kuwarudisha chini ya mabwana wa zamani. Sir James Robertson alitumwa kuchunguza, na mwaka 1961 akapendekeza ukanda uunganishwe na Kenya.

Oktoba 1963 makubaliano yakatiwa saini London. Sultani aliachia dai lake. Katika barua alizobadilishana na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohammed Shamte, Jomo Kenyatta aliahidi kwamba uhuru wa kuabudu utalindwa, mahakama za kadhi zitabaki, Kiarabu kitaendelea kufundishwa, hati za ardhi zitaheshimiwa, na maeneo yenye Waislamu wengi yatapata watawala Waislamu kadiri itakavyowezekana. Tarehe 12 Desemba 1963 bendera mpya ikapanda.

Sauti za "Pwani si Kenya" ziliposikika tena karne hii, na serikali ikapiga marufuku Mombasa Republican Council mwaka 2010, marufuku ambayo Mahakama Kuu iliitengua mwaka 2012, wengi bara walishangaa maneno hayo yametoka wapi. Kisheria Pwani ni Kenya, na mkataba wa 1963 uko wazi. Lakini anayesema hakukuwa na swali kamwe anawafanya wenzake waonekane wazushi, na mtu aliyeitwa mzushi katika historia ya baba yake hatulii. Mazungumzo ya ardhi na ajira yangekuwa rahisi zaidi kama kila mtoto wa Kenya angefundishwa kwamba juu ya ngome ile palipepea bendera nyingine hadi siku ya uhuru.

6. "Zanzibar ilipata uhuru Desemba 1963 na bendera ileile nyekundu."

Si kweli. Tarehe 10 Desemba 1963 ilipandishwa bendera mpya: nyekundu bado, lakini katikati ikiwa na duara la kijani lenye karafuu mbili za dhahabu. Ilipepea mwezi mmoja na siku chache. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliiondoa, na kabla mwezi haujaisha rangi za chama cha Afro-Shirazi, bluu, nyeusi na kijani, zikawa bendera ya Jamhuri ya Watu wa Zanzibar.

Bendera ya karafuu ni miongoni mwa zilizoishi muda mfupi zaidi katika historia ya eneo letu, na pengine ndiyo inayobishaniwa zaidi. Wanaoihesabu Desemba 10 kuwa siku ya uhuru huitazama kama bendera ya nchi huru iliyokuwa mwanachama wa Umoja wa Mataifa. Wanaoihesabu Januari 12 kuwa siku ya ukombozi huitazama kama bendera ya uhuru ambao haukuwafikia walio wengi. Serikali huadhimisha Januari 12. Karafuu zenyewe zinasema mambo mawili kwa pamoja: zilikuwa utajiri wa visiwa, na zilichumwa na watu ambao mashamba hayakuwa yao.

Nyongeza moja: wapo wanaosema Zanzibar ya leo haina bendera. Inayo. Ilizinduliwa Januari 2005, ina rangi zile tatu za 1964, na pembeni juu, karibu na mlingoti, imewekwa bendera ya Muungano.

7. "Nyirenda alipandisha bendera ya Tanzania kileleni Kilimanjaro."

Si kweli. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimika Mwenge na bendera ya Tanganyika: kijani, nyeusi, kijani, na mistari myembamba ya manjano katikati yake. Tanzania ilikuwa haijazaliwa. Makosa haya hujirudia kwenye michoro ya ukutani shuleni, ambapo Nyirenda huchorwa akiwa na bendera yenye bluu. Kumbuka pia kwamba mwaka 1889 Hans Meyer alikuwa amefika hapohapo na bendera ya Ujerumani, akakipa kilele jina la Kaiser Wilhelm. Luteni alikuwa akijibu bendera kwa bendera, na kilele tangu hapo kinaitwa Uhuru. Tukimchora na bendera isiyo yake, tunafuta jina la nchi aliyoisimamia usiku ule.

8. "Rangi za bendera ya Tanzania zilichaguliwa kwa sababu ya mimea, madini, watu na maji."

Nusu kweli. Hizo ndizo maana rasmi na ni nzuri. Lakini rangi zilikuwepo kabla ya maana hizo. Kijani na nyeusi zilikuwa za TANU, chama kilichoanzishwa mwaka 1954; mistari ya manjano iliongezwa Tanganyika ilipopata bendera yake. Bluu ilitoka Zanzibar, katika rangi za Afro-Shirazi. Baada ya Muungano wa Aprili 1964, bendera mbili ziligeuzwa kuwa moja kwa kulaza ufito mweusi mshazari, kijani kikabaki juu upande wa mlingoti, bluu ikakaa chini.

Kwa hiyo anayeitundika bluu ikiwa juu, kama ninavyoona kwenye bajaji na vibanda siku za sherehe, ameipindua. Na anayesema bendera ilikuja pamoja na jina la nchi naye amekosea: ilianza kutumika mwishoni mwa Juni 1964, jina la Tanzania likaja Oktoba. Kwa miezi kadhaa tulikuwa na bendera kamili ya nchi ambayo bado ilitafutiwa jina.

Kuijua asili hii hakupunguzi heshima. Kwangu kunaiongeza. Naona wazi kwamba bluu iko pale kwa sababu kuna wabia wawili, na mmoja wao akisahauliwa bendera inapoteza robo ya mwili wake.

9. "Nyekundu ya bendera ya Kenya ni damu ya wapigania uhuru."

Kweli, lakini. Ndiyo maana rasmi: nyeusi ni watu, nyekundu ni damu iliyomwagika katika kupigania uhuru, kijani ni ardhi na utajiri wake, nyeupe ni amani, na ngao na mikuki ni ulinzi wa hayo yote. Nyeusi, nyekundu na kijani zilikuwa rangi za KANU.

Kinachosahaulika ni kwamba Mau Mau, harakati iliyomwaga sehemu kubwa ya damu hiyo, ilipigwa marufuku na wakoloni mwaka 1950 na marufuku hiyo haikufutwa hadi mwaka 2003. Kwa miaka arobaini ya uhuru, watoto waliiimbia wimbo wa taifa bendera iliyosifu damu, huku waliovuja damu hiyo wakiwa kisheria ni wanachama wa chama haramu. Wazee wa msituni walizeeka na wengine wakafa katika hali hiyo. Dedan Kimathi, aliyenyongwa mwaka 1957, alipata sanamu yake Nairobi mwaka 2007, nusu karne baada ya kamba. Rangi ilitoa heshima mapema sana, sheria ilichelewa.

10. "Nyota tatu za Burundi ni Wahutu, Watutsi na Watwa."

Inategemea unamuuliza nani. Rasmi, nyota zile zilizowekwa mwaka 1967, baada ya ufalme kuanguka na ngoma ya kifalme kuondolewa kwenye bendera, ni kaulimbiu ya taifa: Umoja, Kazi, Maendeleo. Mitaani Bujumbura na katika kambi za wakimbizi za Kigoma, watu wengi wamezisoma kama jamii tatu za nchi. Sioni haja ya kumkemea anayesoma hivyo. Kwa nchi iliyopitia mauaji kama yale ya Burundi, kuona nyota tatu za ukubwa mmoja zimekaa pamoja ni dua. Rwanda ilichagua njia nyingine: mwaka 2001 iliiacha kabisa bendera ya nyekundu, manjano na kijani yenye herufi R, kwa kuwa haikuweza tena kutenganishwa na yaliyotendeka mbele yake mwaka 1994.

11. "Bendera ya bluu yenye nyota ya manjano ilikuwa zao la uhuru wa Kongo."

Si kweli. Bluu ile yenye nyota kubwa katikati ilikuwa ya jumuiya ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, kisha ya ile aliyoiita Dola Huru ya Kongo kuanzia 1885. Ilipepea juu ya vituo vya mpira ambako watu walikatwa mikono, na Ubelgiji ilipoichukua nchi mwaka 1908 iliendelea nayo. Mwaka 1960 Kongo huru iliibakiza bluu na nyota, ikaongeza nyota sita ndogo kwa mikoa sita ya wakati huo. Mobutu alileta kijani chenye mkono na mwenge. Mwaka 1997 Laurent Kabila akairudisha bluu na nyota zake. Bendera ya sasa, yenye ufito mwekundu, ni ya mwaka 2006.

Je, Wakongo walikosea kuipokea nyota ya Leopold? Sidhani. Kwa kizazi cha Lumumba nyota ilikuwa imeshabadilika mikono. Lakini kuipokea ni jambo moja, na kusahau ilikotoka ni jambo lingine.

Maswali manne

Tangu siku ile ya Darajani, nikiiona bendera ya zamani huwa siulizi kwanza rangi zake zina maana gani. Nauliza: nani aliipandisha? Ilipanda juu ya nini? Nani aliishusha? Na nani alikatazwa kuipeperusha? Maswali hayo manne yamenifundisha historia nyingi kuliko orodha yoyote ya rangi, na natamani walimu wetu wayaongeze kwenye somo la asubuhi. Mtoto anayejua kwamba bendera moja iliwahi kumfurahisha jirani na kumwumiza mwenziwe hatakuwa mzalendo pungufu. Atakuwa mzalendo anayesikiliza.

Nilimtafuta yule mzee wa pili siku iliyofuata. Akanieleza kwamba utotoni mwake, chini ya bendera ile, baba yake alifukuzwa kwenye shamba la karafuu alilolipalilia maisha yake yote, kwa kuwa hakuwa na hati ya hata mti mmoja. Baadaye nikamuuliza wa kwanza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kaka yake alitoka nyumbani Januari 1964, bendera ile ilipokwisha kushushwa, na hakurudi.

Kila mmoja alikuwa akiijua habari ya mwenzake. Hakuna aliyemtaka mwingine abadilishe anachokiona katika kitambaa chekundu. Nilipopita alasiri, wazee wote wawili walikuwa barazani, birika la kahawa katikati yao, na dirishani kwa fundi mapazia yalikuwa yameshashonwa.